Kusoma Majira: Watu wa Nchi Mbalimbali Wanatufundisha Nini?

Somo kwa vikundi vya wakulima, akina mama na vijana



Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Lakini kila mkulima anajua kwamba si kila wingu huleta mvua, na si kila mvua ni ya kupandia. Katika vijiji tunavyotembelea, msimu unapokaribia tunaulizwa swali lile lile: tupande sasa au tusubiri? Jibu lake lina uzito mkubwa. Familia yenye debe moja la mbegu haina debe la pili. Mvua ikinyesha siku tatu kisha ikakatika wiki tatu, mbegu huota na kukauka. Baada ya hapo familia hutafuta mbegu kwa mkopo, au hula mlo mmoja kwa siku mpaka mavuno mengine.

Kwa swali hili tunasikia majibu ya aina mbili. Wazee husema: tazameni miembe, ndege, upepo na nyota. Vijana wengi husema: sikilizeni redio, someni ujumbe kwenye simu. Mara nyingi kila upande huudharau mwingine, na katikati yao anabaki mama mwenye jembe na debe lake la mbegu, asijue amsikilize nani.

Katika somo hili tunapenda kuonyesha kwamba swali hili halipo kwetu tu. Watu wa nchi nyingi wana mila zao za kusoma majira. Baadhi ya mila hizo zimepimwa na wataalamu zikaonekana kuwa za kweli, nyingine zimechakaa, na nyingine zimeokoa maisha ya watu wengi. Tutapita Amerika ya Kusini, Ujerumani, Zanzibar, Japani, Indonesia na Kenya, kisha tutarudi shambani kwetu. Mwishoni kuna kazi ya kikundi na maswali ya kujadili.

1. Kilimia juu ya milima ya Andes

Katika nyanda za juu za Peru na Bolivia wanaishi wakulima wa viazi mviringo, wengi wao wakiwa wasemaji wa lugha za Kikechua na Kiaymara. Kila mwaka, karibu na tarehe 24 Juni, ambayo ni sikukuu ya Yohana Mbatizaji, baadhi yao hupanda vilimani kabla ya kupambazuka, katika baridi kali, na kutazama kundi la nyota ambalo sisi tunaliita kilimia. Zikionekana kubwa na angavu, husema mvua zitawahi na zitakuwa nzuri. Zikionekana hafifu, husema mvua zitachelewa na zitakuwa chache. Katika mwaka wa namna hiyo huahirisha kupanda viazi kwa wiki 4 hadi 6, kwa sababu kiazi kinachokosa maji wakati mizizi inaanza kutoka hakizai vizuri.

Mtu wa mbali angesema huo ni ushirikina. Lakini mwaka 2000 watafiti watatu, Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jarida la sayansi liitwalo Nature. Waligundua kwamba katika miaka ya El Niño, mwezi Juni angani mwa Andes huwa na mawingu membamba sana yaliyo juu sana. Jicho haliyaoni mawingu yenyewe, ila hufifisha mwanga wa nyota. Na miaka hiyo hiyo ya El Niño ndiyo ambayo mvua za nyanda hizo hupungua. Wakulima hawa hawakuwa na chombo chochote, wala hawakujua jina El Niño, lakini walikuwa wakiipima kwa macho miezi minne kabla ya kupanda.

Hapa tunapata mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba dalili inaweza kuwa ya kweli hata kama anayeitumia hajui sababu yake. Tusiicheke kabla ya kuipima.

La pili ni kwamba dalili ina kwao. El Niño inayoleta ukame katika nyanda za juu za Andes ndiyo ambayo Afrika Mashariki mara nyingi huleta vuli kubwa kupita kiasi, kama ilivyotokea mwaka 1997 na tena mwaka 2023. Chanzo ni kimoja, lakini huku ni mafuriko na kule ni ukame. Kwa hiyo mkulima wa kwetu hawezi kuazima dalili ya Peru, kama vile wa Peru asivyoweza kuazima ya kwetu.

Na sisi kilimia tunacho. Jina lenyewe linatokana na kulima. Wazee wa pwani wana msemo: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Ukitazama angani utaona maana yake. Karibu na mwezi Mei, wakati wa masika, kilimia huzama magharibi mara baada ya jua kutua, kisha hakionekani kwa wiki kadhaa. Kinapozuka tena alfajiri upande wa mashariki mwezi Juni, masika imekwisha au inakwisha. Hii ilikuwa kalenda ya mtu asiye na kalenda ukutani.

2. Siku zilizowekwa: Ujerumani na Zanzibar

Kuna mila nyingine zinazofuata tarehe. Huko Ujerumani wakulima na watunza bustani wana siku wanazoziita za Watakatifu wa Barafu, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei. Kila siku ina jina la mtakatifu wake: Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius na Sophie. Kanuni yao ni kwamba mimea laini kama nyanya na maharage isitolewe nje kabla ya siku hizo kupita, kwa kuwa usiku mmoja wa umande kuganda unatosha kuiua yote. Wengi wanaifuata kanuni hii hadi leo.

Wana kanuni nyingine ya tarehe 27 Juni, Siku ya Walalao Saba. Husema kwamba hali ya hewa ya siku hiyo itadumu kwa wiki saba. Wataalamu wa hali ya hewa wameipima kwa kumbukumbu za miaka mingi. Waliona kwamba siku hiyo moja peke yake haiwezi kutegemewa. Lakini ukichukua kipindi cha mwanzo wa mwezi Julai, hasa kusini mwa nchi hiyo, kweli mara nyingi hali inayotawala wakati huo huendelea kwa wiki kadhaa.

Kwa nini kanuni inasema mwisho wa Juni na ukweli unaonekana mwanzo wa Julai? Sehemu ya jibu iko katika historia. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda, na siku 10 zikarukwa. Maeneo mengi ya Kiprotestanti ya Ujerumani yaliikubali kalenda hiyo mwaka 1700 tu. Msemo ulibaki na tarehe yake ya zamani, ingawa tarehe hiyo sasa inaangukia siku nyingine katika mwendo wa jua.

Jambo kama hilo liko karibu nasi. Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kila mwezi Julai husherehekewa Mwaka Kogwa. Hujengwa kibanda cha makuti na kuchomwa moto. Wanaume hupigana kwa vikonyo vya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, wanawake huimba, kisha watu hula pamoja, na mgeni hukaribishwa. Siku hiyo huitwa pia Nairuzi, neno lenye asili ya Uajemi. Zamani watu wa pwani walihesabu siku kuanzia Nairuzi kwa mafungu ya siku kumikumi, yaani miongo. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kusafiri kwa kaskazi au kusi, wakati wa kuvua na wakati wa kupanda.

Mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila siku ya nyongeza. Mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka 4, na katika miaka 100 hurudi nyuma takriban siku 24. Mtu anayepanda leo katika mwongo ule ule aliopanda babu wa baba yake atakuwa ametangulia kwa wiki tatu au zaidi. Babu hakukosea. Hesabu imesogea.

Fundisho ni hili: kila kanuni ya tarehe huchakaa, na inahitaji kusahihishwa kwa macho. Tunapoambiwa, "Hapa kwetu tunapanda wiki ya kwanza ya Machi," tuulize kwa heshima: kanuni hii ilianza lini, na miaka kumi iliyopita imefaa mara ngapi?

3. Makuhani wa Ziwa Suwa

Katika mkoa wa Nagano nchini Japani kuna ziwa liitwalo Suwa. Wakati wa baridi kali maji yake huganda. Barafu hiyo ikitanuka na kusinyaa kwa tofauti ya joto la mchana na usiku, hupasuka kwa kishindo, na tuta la barafu huinuka kukatiza ziwa. Mapokeo ya wenyeji husema hiyo ni njia ya mungu wa kiume anayevuka ziwa kwenda kumwona mke wake ng'ambo. Tangu mwaka 1443 tarehe za jambo hili zimeandikwa, na makuhani wa hekalu la Kishinto wameitunza kazi hiyo kizazi hadi kizazi.

Hawakuandika kwa ajili ya sayansi. Waliandika kwa sababu ulikuwa wajibu wao. Lakini mwaka 2016 watafiti walipozichambua kumbukumbu hizo walikuta hazina kubwa. Katika miaka 250 ya kwanza ziwa lilikosa kuganda mara 3 tu. Kati ya mwaka 1955 na 2004, yaani miaka 50, lilikosa kuganda mara 12. Mara ya mwisho tuta la barafu kuonekana kabla ya kipindi kirefu cha ukimya ilikuwa Februari 2018. Miaka saba iliyofuata, hadi 2025, halikutokea.

Mjini Kyoto, katika nchi hiyo hiyo, siku ya kuchanua kikamilifu kwa miti ya cheri imefuatiliwa kwa kutumia shajara za watawala, maofisa na watawa tangu karne ya 9. Watu walikuwa wakienda kula na kufurahi chini ya maua hayo, na wakaandika siku waliyokwenda. Mwaka 2021 maua yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa hadi wakati huo katika miaka zaidi ya 1,200.

Ndugu msomaji, tazama jinsi mstari mmoja kwa mwaka ulivyo na nguvu. Leo dunia nzima inapojadili mabadiliko ya tabianchi, mistari hiyo ni ushahidi usiopingika kwa urahisi. Sisi nasi tunajua kutunza vitabu. Katika sharika zetu kuna vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi vilivyoandikwa kwa uangalifu kwa miaka mingi. Ni vijiji vingapi vilivyo na daftari la siku mvua ilipoanza? Mzee mwenye umri wa miaka 80 anaweza kukueleza njaa zote alizoziona, lakini akiondoka anaondoka nazo.

4. Neno moja lililookoa kisiwa

Simeulue ni kisiwa cha Indonesia kilicho karibu na pwani ya magharibi ya Sumatra. Mwaka 1907 kilipigwa na tsunami na watu wengi wakafa. Walionusurika waliliita tukio hilo "smong", na waliwasimulia watoto wao. Watoto nao waliwasimulia watoto wao, kwa hadithi za jioni na kwa nyimbo za kubembeleza. Ujumbe ulikuwa mfupi na wazi: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma, usiende kuokota samaki. Kimbia mlimani.

Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka kwa nguvu sana, na kisiwa hiki kilikuwa karibu na kitovu cha tetemeko. Watu walipaza sauti "smong!" na wote wakakimbilia vilimani. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliokufa walikuwa 7. Katika sehemu nyingi za Aceh, upande wa pili wa maji, watu hawakuwa na neno hilo wala hadithi hiyo, na waliokufa huko walizidi laki moja. Mawimbi hayo yalisafiri hadi Afrika Mashariki, na watu walipoteza maisha hata Tanzania, Kenya na Somalia.

Tsunami si hali ya hewa, lakini fundisho linatuhusu. Kuna mambo yanayotokea mara moja katika vizazi vitatu. Hayawezi kujulikana kwa uzoefu wa mtu mmoja. Yanahitaji kusimuliwa. Je, watoto wetu wanajua mto uliopo karibu na shule ulifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa? Wanajua ni upande gani wa mlima uliowahi kuporomoka? Wanaojenga nyumba mpya huko bondeni, kuna aliyewaambia?

5. Wazee na wataalamu katika meza moja

Mfano wa mwisho uko kwa jirani zetu. Huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, kuna ukoo wa Nganyi unaojulikana tangu zamani kwa kutabiri mvua. Wazee wake hutazama kupukutika na kuchanua kwa miti fulani, sauti za vyura na ndege, mienendo ya wadudu na mwelekeo wa upepo. Baadhi ya miti wanayoitazama iko katika misitu midogo wanayoihifadhi kama mahali patakatifu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya na wa kituo cha kikanda cha tabianchi walianza kukutana na wazee hao kabla ya msimu. Kila upande ulileta utabiri wake. Walilinganisha, wakajadiliana, kisha wakakubaliana juu ya ujumbe mmoja ambao ulipelekwa kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa, katika mikutano ya hadhara na kwa redio ya jamii.

Angalieni faida yake. Mtaalamu anaona bahari na anga pana, lakini haoni bonde moja moja. Mzee anaona bonde lake, lakini haoni Bahari ya Hindi inavyopata joto. Tena mkulima huamini zaidi ujumbe aliouona ukitoka kwa watu anaowaheshimu. Na msitu ule mdogo umebaki, kwa sababu bila miti ile hakuna dalili.

6. Kila dalili na mahali pake

Tukirudi nyumbani, tumeona kwamba ugomvi mwingi kati ya wazee na vijana hutokana na kuchanganya dalili za aina tatu.

Kwanza, kuna dalili zinazoeleza yaliyopita. Miembe, kwa mfano, huchochewa kutoa maua na kipindi cha ubaridi au ukavu. Maua mengi yanatueleza zaidi hali ya miezi iliyopita kuliko mvua inayokuja. Kumbikumbi nao hutoka mvua ikishalowesha ardhi. Hawatabiri msimu mzima, lakini wanatuambia kwamba udongo umepata maji, na hiyo ni habari yenye faida kwa mpandaji.

Pili, kuna dalili za saa chache au siku chache. Mlio wa dudumizi, joto la kubana jioni, wingu jeusi kutoka upande unaojulikana, zote ni za namna hii. Hata Injili ya Luka, sura ya 12, inataja watu waliojua kusoma wingu la magharibi na upepo wa kusini. Katika nchi ile magharibi kuna bahari ya Mediterania, ndiko mvua inakotoka, na kusini kuna jangwa, ndiko joto linakotoka. Dalili hizo zilikuwa sahihi kwa siku ile na kwa mahali pale.

Tatu, kuna dalili za msimu mzima, kama ile ya kilimia huko Andes. Hizi ni chache, na ndizo zinazohitaji kupimwa zaidi.

Utabiri wa kitaalamu nao una ngazi zake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, wa siku kumi, na wa msimu kwa ajili ya vuli, masika na mikoa yenye msimu mmoja wa mvua. Utabiri wa msimu ukisema mvua zinatarajiwa kuwa "juu ya wastani", haimaanishi kwamba kila shamba litalowa wala kwamba mvua itaanza Jumatatu. Unaeleza jambo lenye uwezekano mkubwa zaidi katika eneo pana. Anayeuchukua kama ahadi atasema redio ni waongo. Anayeuchukua kama ushauri atachagua mbegu na kiasi cha kupanda kwa busara.

Hatuna budi pia kusema ukweli mmoja mgumu. Dalili nyingi za wazee zinafifia, na kosa si la wazee. Miti iliyotazamwa imekatwa, mabwawa ya vyura yamekauka, na majira yenyewe yanabadilika kwa sababu dunia inapata joto. Mila isiyopimwa katika wakati kama huu inaweza kuitia familia njaa. Lakini mila inayotupwa bila kupimwa nayo ni hasara, maana hatutaipata tena.

7. Kazi ya kikundi: daftari la majira

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji uaminifu.

Hatua ya 1. Kaeni na wazee, wanaume kwa wanawake. Waombeni wataje dalili wanazozijua. Andikeni kila dalili kwa jina la hapo kijijini, na mwezi inapotokea. Wanawake wasisahauliwe, kwani mara nyingi wao ndio wanaochota maji na kulima, nao wanaona mambo ambayo wanaume hawayaoni.

Hatua ya 2. Chagueni dalili tano tu. Kwa kila moja andikeni aina yake: ya yaliyopita, ya siku chache, au ya msimu.

Hatua ya 3. Tengenezeni kipima mvua. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa. Lifungeni juu ya nguzo mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa 3 asubuhi ingizeni rula hadi chini, someni milimita za maji, andikeni, kisha mwage maji. Hata siku isiyo na mvua andikeni 0. Mkumbuke kwamba milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hesabu hiyo, paa la bati lenye mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 linapokea karibu lita 400. Habari hii itawafaa pia wanaofikiria kujenga tangi.

Hatua ya 4. Chagueni watu wawili wa kuandika, kijana na mtu mzima, ili mmoja akisafiri mwingine aendelee. Shule ya msingi iliyo karibu inaweza kuwa mwenzi mzuri.

Hatua ya 5. Mwanzoni mwa kila msimu, andikeni katika ukurasa mmoja: dalili zinasema nini, na utabiri wa Mamlaka unasema nini. Mwalikeni bwana shamba au bibi shamba. Mwisho wa msimu, rudini kwenye ukurasa huo na mweke alama mahali palipolingana na mvua mliyopima.

Msimu mmoja hautoshi kuhukumu dalili. Misimu mitano itawapa picha, na kumi itawapa hazina ya kuwaachia watoto.

Wakati daftari linajengwa, tunashauri mambo matatu ya tahadhari. Msipande mbegu zote siku moja. Wekeni akiba angalau theluthi moja. Kabla ya kupanda, chimbeni kwa jembe mwone udongo umelowa hadi wapi. Ukiwa umelowa juu juu tu, subirini. Na katika maeneo makavu, shamba la mahindi lisikose jirani wa mtama, uwele au muhogo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chetu, nani huamua siku ya kupanda katika familia? Anamsikiliza nani?

2. Tajeni dalili moja ambayo zamani ilifaa na sasa haifai. Mnadhani ni kwa nini?

3. Watu wa Simeulue walifundisha watoto kwa neno moja. Ni hatari gani ya hapa kwetu ambayo watoto wanapaswa kuijua, na tutawafundishaje?

4. Je, kuna miti au vyanzo vya maji vilivyohifadhiwa na mila zetu? Hali yake ikoje leo?

5. Wazee na wataalamu wakipingana msimu huu, kikundi chetu kitafanya uamuzi kwa njia gani ili familia maskini zaidi isipoteze mbegu zake zote?

Tunawaomba viongozi wa vikundi mlete madaftari yenu katika mkutano ujao wa eneo, hata kama yana kurasa mbili tu. Tutayasoma pamoja na kulinganisha kijiji kwa kijiji. Wale ambao bado hawajaanza, kopo na rula vinatosha. Tunawatakia maandalizi mema ya msimu.